Pizho Mwenye Miguu Mirefu

Ujerumani, 6 Februari

Mwanangu Zlatina,

U mzima? Kifua cha Bibi kimepoa? Mimi mzima, ila mgongo unalia kama mlango wa zizi.

Ulinitaka niwe darasani kwenu Machi mosi, tutengeneze pamoja na wazazi wengine wale wanasesere wetu wa uzi wa kuvaa Machi, Pizho mwanamume mweupe na Penda mwanamke mwekundu. Nilikwenda kwa msimamizi wetu wa ujenzi. Akaniuliza, "Machi unataka likizo?" Mdomo ulijaa mkate, nikatikisa kichwa kushoto na kulia, ambayo huko kwetu nyumbani ni ndiyo. Nikasahau kwamba huku hiyo ni hapana. Akasema, "Safi, Mincho, mchapakazi wewe!" Likizo akampa Mpolandi, naye keshakata tiketi.

Usinikasirikie sana. Nikasirikie kidogo.

Baba yako

Dolna Lipa, 14 Februari

Shikamoo Baba,

Hatujambo. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikarudi, kwa hiyo kosa ni lako.

Mbona hukumeza kwanza ndipo ujibu? Nimeshaliambia darasa zima unakuja. Borko anasema mimi sina baba, nina stempu. Mwaka jana alikuja Bibi, akasinzia, Pizho wake akatoka na miguu mitatu. Usipokuja nitakaa nyumbani niumwe tumbo.

Mwanao Zlatina (nimenuna)

Ujerumani, 21 Februari

Mwanangu mnunaji,

Salamu kwako na kwa Bibi. Nimerudi kwa msimamizi, mdomo mtupu, nikasema "ndiyo" kwa sauti mpaka mbwa wa mlinzi akabweka. Kasema nimechelewa. Basi siji. Naandika waziwazi usije ukakaa unachungulia barabarani.

Lakini tumbo lisikuume. Ndani ya bahasha yumo Pizho. Nilimtengeneza saa ya chakula. Kadibodi sikuwa nayo, nikaviringisha uzi mweupe mara hamsini kwenye ubao wa kusawazishia lipu, nikakata, nikamfunga shingo, mikono na miguu kwa uzi mwekundu. Wenzangu wakanicheka: "Mincho, huyo ananyonya bado?" Ubao ulikuwa mrefu, naye katoka mrefu.

Penda sikumgusa. Huyo mtengeneze wewe, mbele ya Borko, kisha wafunge pamoja. Tutakuwa tumefanya kazi moja, mimi nusu, wewe nusu.

Baba yako

Dolna Lipa, 2 Machi

Shikamoo Baba,

Wote wazima. Pizho alifika juzi, posta wamemkunja kama suruali. Nilikwenda naye shule, nikamkalisha kwenye kiti cha mzazi, Bibi akakaa nyuma. Mwalimu akauliza, "Na huyu nani?" Nikasema, "Katumwa na baba, kaja kikazi." Darasa likacheka, nami nikacheka.

Penda wa kwanza alimfika magotini, kama mtoto wake. Nikamfumua, nikaanza upya, nikaviringisha uzi kwenye miguu ya kiti. Uzi mwekundu wa darasa ukaisha, nikamalizia na uzi wa soksi nyekundu aliyokuwa anaifuma Bibi. Sasa soksi ina kisigino, haina vidole. Bibi anakusalimu, lakini si kwa upole.

Nimewavaa shingoni wote wawili. Nikikimbia wananipiga teke. Wa Borko alitengeneza na baba yake, wanaenea kiganjani, hawaonekani hata ukichuchumaa. Leo kaja mwenyewe kuomba nimwelekeze namna ya kupata warefu kama wangu. Nimemwambia si kazi ngumu, ila kwanza baba yake aende mbali.

Mwanao Zlatina