Nimenaswa na Wimbo Wangu Mwenyewe

Bwana Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, nimetenda jambo la aibu. Mimi ni mtungaji wa nyimbo za chama chetu cha ngoma ya lelemama hapa Amu, na mwaka huu chama cha wapinzani wetu kilimleta mwalimu kutoka Mombasa, Bi Saadiya, awafundishe wasichana, hata wa kwetu, kusoma na kuandika, wakatamba nti nzima, nami kwa wivu nikatunga wimbo kwamba mwalimu huyo huwafundisha wasichana kuwaandikia wanaume barua, na wallahi sikuona wala sikuambiwa, nilitafuta tu neno la kuwauma, tukaliimba harusi tatu, mwezi haujesha shoga yangu Barka akarudi kutoka Pate akanieleza maneno yale yale kwa kiapo, na muuza samaki wa Mokowe akanambia, na mamangu mzazi akanambia huku akilia, basi nikasema wote hawa hawawezi kusema uongo, nikamtoa binti yangu Tima darasani na wenzangu wakawatoa wao. Wamebaki wanne. Bi Saadiya anarudi kwao mwisho wa mwezi, na Tima wangu amekuwa mnyonge, hali chakula akashiba. Juzi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, ndipo nikakumbuka kuwa neno lile nililitunga mimi, pale pale jikoni. Nifanyeje?

Mwanamkisi, Langoni, Amu

Bi Mwanamkisi, pole, lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Hila zote ulizijua: hukumtaja aliyeona, ukawatia akina mama khofu ya binti zao, ukarudia kiitikio mpaka watoto wakakishika. Mbona ukanaswa? Kwa sababu uongo wako ulirudi na sauti ya mamako. Na tuseme kweli, ulipenda uwe kweli, ili wapinzani waaibike. Wengi wetu hunaswa hapo. Wote waliokwambia walianza kusikia kwako.

Sasa usijifungie ndani kulia. Kesho asubuhi nenda kwa Bi Saadiya, ukiri kwa kinywa chako, usikisingizie chama. Kisha tunga wimbo mwingine, uimbwe harusini kwa ngoma ile ile, ujitaje jina. Uongo uliopigiwa ngoma hauondolewi kwa kunong'ona. Wenzako watakucheka siku mbili, halafu watawarudisha binti zao, maana waliwatoa kwa kukufuata wewe.

Na mtu akiniuliza kama Bi Saadiya huwafundisha wasichana kuwaandikia wanaume barua, nitamjibu ndiyo. Chini ya barua yako pana maneno madogo: "Kwa mkono wa Tima." Ameniandikia mimi, mwanamume asiyemjua, ili mamake apate msaada. Mrudishe darasani Jumatatu.