Dawa Niliyoumwagia Mjozi Wako

Arris, 3 Oktoba

Dada yangu mpendwa Aldjia,

Assalamu alaikum. Hujambo? Na binti yako Houria, bi harusi wetu, hajambo? Sisi hapa tu wazima, ila nina habari nzito.

Mjozi wako umekufa, dada. Wakati wa joto ulinywea tu, sasa hauna hata jani. Najua ulikusudia kumpa Houria siku ya harusi yake, kama baba alivyokupa wewe: ardhi iwe yangu mimi mwanamume, mti uliomo uwe wako, pamoja na jozi zake na magome ya mizizi ya kusugulia meno.

Jumanne alikuja bwana shamba. Alikata tawi, akanipa kioo chake cha kukuzia, akaniambia hebu tazama, mzee, mishipa ya kupandishia maji. Yaa Rabi! Ile ya zamani ilikuwa na matundu wazi kabisa. Ya miaka hii miwili ni vitundu vya ncha ya sindano! Akauliza kama nilitumia dawa ya kudumaza miti. Nikasema ndiyo, kwenye mitufaha yangu, isirefuke, izae. Akatikisa kichwa, akasema basi mizizi ya mjozi haikuhudhuria mirathi yenu, imevuka hadi kwenye mitufaha ikainywa dawa. Dawa ile hukaa udongoni miaka, huifinya mishipa, na joto la mwaka huu limekuta mti hauwezi kupandisha maji ya kutosha. Nikamrudishia kioo chake.

Tawes, mke wangu, alisikia yote. Aliniuliza mbona nilimwacha atukanwe. Kweli, Aldjia, mti ulipoanza kunyauka ulimwita mwenye jicho baya mbele ya wanawake wote, ukaapa hutakanyaga kwake, nami nikajifanya sisikii.

Sasa nikwambie lile ambalo hata bwana shamba halijui. Mizizi haikuvuka popote. Kivuli cha mjozi wako kiliinyima jua mitufaha yangu, nami niliona haya kukuomba tupunguze matawi. Niliumwagia ndoo mbili za dawa ile shinani, kwa mkono wangu huu. Nilitaka udumae tu. Wallahi, dada, sikutaka ufe.

Tawes anakusalimu sana. Anasema ukimkaribisha harusini atakuja na kapu la jozi za kununua, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu. Mimi usiponialika, nitaelewa.

Mbusu Houria kwa niaba yangu.

Ni mimi nduguyo,
Belkasem