Mwalimu Mpya Ananichimba Mtandaoni

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijafika kwa mkuu wa shule, maana roho imeshachafuka na mume wangu amechoka kunisikiliza. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina ukurasa mtandaoni ninakoweka video za kufundisha sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, kwa kukunja karatasi, walimu wengi wananifuata na wamenibandika jina la Mama Sehemu, sasa muhula huu tumeletewa binti mmoja, bado yuko kwenye majaribio, mpole huyo, shikamoo dada kila asubuhi, meza yake inatazamana na yangu, nami sikumtilia shaka mpaka juzi aliponiachia kompyuta ya ofisi ya walimu nitafute mazoezi, nikagusa tu pale pa kutafutia yakateremka aliyoyatafuta yeye: Mama Sehemu, Mama Sehemu karatasi, Mama Sehemu darasa lenye kelele.

Nikaanza kuunganisha mambo. Kuna mtu anajiita Chaki Mpya, huniandikia kwenye ukurasa kuuliza watoto wasipoelewa afanyeje, wakimcheka afanyeje, nami namjibu mpaka chakula kinaungua jikoni, kumbe namnolea kisu mtu wa kunichinja, kwa sababu jana nimepita dirishani kwake nikakuta darasa limetulia tuli na yeye anafundisha kwa maneno yangu yale yale, hata utani wangu wa nusu inayojiona nzima.

Kama hana nia mbaya, kwa nini asiniulize ana kwa ana? Mwanzoni aliwahi kuniuliza mbele ya wenzetu, nikamtania kwamba chuoni alisomea kupaka wanja, tukacheka wote yakaisha. Cheo cha mkuu wa idara kinakuja na naona anakimezea mate. Jumatatu inaamuliwa kama atabaki, na yanasubiriwa maoni yangu. Niseme ni mwizi?

Mama Sehemu

Mama Sehemu, pole. Kukuta jina lako limetafutwa na mtu wa meza ya pili kunashtua, hata mimi ningeruka. Lakini hebu tulia, dada. Anayetaka kukupiku kwenye cheo angetafuta makosa yako. Huyu katafuta karatasi na kelele, yaani darasa lilimshinda akawa anatafuta pa kushika.

Unauliza kwa nini asikuulize ana kwa ana. Si umesema alikuuliza? Ukamjibu wanja. Unasema mlicheka wote. Kumbuka vizuri kama na yeye alicheka. Chaki Mpya nadhani ni yeye, na ajabu ni kwamba Chaki Mpya ulimjibu kwa upole. Mgeni usiyemjua ulimpa moyo, anayekuamkia kila siku ukampa kicheko. Hapo nusu imejiona nzima, mama, na simsemi yule binti.

Halafu wizi gani? Video umeziweka mwenyewe hadharani walimu wazitumie. Mmoja kazitumia, unataka afukuzwe.

Sasa nisikilize. Ukipeleka neno mwizi, binti wa watu anapoteza kazi kwa wivu wako. Peleka ulichokiona dirishani: darasa limetulia, watoto wanasikiliza. Kabla ya Jumatatu umwombe radhi, mbele ya wale wale mliocheka nao. Habari za Chaki Mpya zinyamazie, atakwambia mwenyewe akikuzoea. Kisha vuta kiti, mkunje hizo karatasi pamoja. Alikutafuta mtandaoni kwa sababu mezani hukupatikana.