Ulikwenda Lisbon Ukijua

Kezia,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Mimi sitakuuliza hali. Nimekukasirikia. Nilikukasirikia hospitalini, nikakukasirikia kanisani, nikakukasirikia mbele ya kaburi lako huku akina mama wa ushirika wakinishika mabega, wakidhani ni uchungu tu unaonitetemesha. "Pole Rispa. Mungu ndiye anajua." Ndiyo, Mungu alijua. Na wewe ulijua. Ni mimi mdogo wako pekee niliyeachwa gizani.

Unaikumbuka ile Jumapili? Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa pale nyumbani Woodley, Mama kwenye kiti chake miguu ikiwa juu ya stuli, kaka yetu Amos anakula kama mgeni wa heshima. Ukaweka kijiko chini, ukasema unaenda Ulaya. Peke yako. Lisbon, halafu Bologna, halafu Ghent.

"Kazi?" Amos akauliza.

"Hapana."

"Kuna mzungu amekuita?"

"Hapana, Amos."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kukaa," ukasema. "Nitakaa kila mji mpaka nitosheke, halafu niende mwingine."

Amos alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akakuomba umtafutie kijana wake kazi huko. Ukamwambia hutamtafutia mtu kitu chochote. Nilikutazama sana siku hiyo, kwa sababu tangu Baba afariki nilikuwa sijawahi kukusikia ukimnyima mtu kitu. Wewe ndiye uliyenisomesha kwa mshahara wa karani. Wewe ndiye uliyekuwa unatoka ofisini mjini ukiwa umechoka, unapita sokoni, unafika nyumbani unamkanda Mama miguu. Nilidhani umechoka tu na unataka kupumzika. Nikakwambia, "Enda dada, Mama niachie mimi."

Ukaniachia kweli.

Hujui wiki hizo zilikuwaje. Nilikuwa nafunga duka langu la mapazia pale Ngara mapema, wateja wakiwa bado wanauliza bei, nakimbia Woodley kumpikia Mama na kumwosha, halafu narudi kwangu Kabiria kwa watoto. Na wewe ukipiga simu, unaniambia nini?

"Rispa, leo nimefanya kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Nimekula chungwa. Nimekaa kwenye ngazi, nikalimenya, nikalila polepole mpaka likaisha."

Nilikuwa na beseni la maji ya moto mkononi, Kezia. Mama ananiita, uji unafurika jikoni, na wewe unanisimulia chungwa! Nikakuuliza umeona mnara gani, kanisa gani maarufu, nikawaambie watu. Hukuwa umeona chochote. Umeona wanawake wa Lisbon wakianika nguo madirishani na kuzungumza juu ya vichwa vya wapita njia. Umepanda mlima ule ule kila asubuhi, unapumzika kila baada ya ngazi chache, mpaka muuza mikate akaanza kukuwekea wako kando. Bologna ukaniambia kando ya barabara kuna vijia vyenye paa, mtu anatembea mji mzima kwenye mvua bila kulowa, na kwamba ulingoja mvua makusudi. Ghent ulikaa kando ya mfereji na mzee mwenye mbwa, hamna lugha hata moja mnayoelewana, mkakaa.

"Na Mama anasemaje?" ukauliza mara moja tu. Mara moja!

Nikasema yuko sawa. Nikakata simu nikatupa taulo ukutani.

Ulirudi umekonda. Nilidhani ni chakula chao. Baada ya muda mfupi ukaanguka pale mlangoni ukivaa viatu vya kwenda kazini, na hukuvivaa tena. Daktari, yule mama mpole mwenye miwani, alinivuta kando kwenye korido akaniambia pole, ugonjwa umeenea kama walivyotarajia.

Nikamuuliza, kama nani alivyotarajia?

Akanitazama. Akajua amekosea. "Nilidhani amewaambia," akasema. "Tulimpima kabla hajasafiri. Tulimweleza matibabu yangemwongezea muda kidogo. Akasema kwanza ana safari."

Ana safari.

Niliingia wodini bila kufuta uso. Ulikuwa umeegemea mto, mwembamba kama kitambaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukajua unakufa, ukaniachia Mama, ukaenda kukaa kando ya mfereji na mzee wa mbwa?"

Wagonjwa wengine waligeuka. Sikujali. Nikakwambia zile siku zilikuwa zetu. Nikakwambia umeziiba. Kama ulitaka kuona Ulaya, kwa nini hukunichukua? Ningefunga duka! Ningekubebea mkoba, ningekushika mkono kwenye hizo ngazi!

Ukanijibu kwa ile sauti yako ya kumwongelesha mtoto. "Ungekuja, ningekuangalia wewe. Ningekuuliza kama umekula. Ningekuuliza kama unasikia baridi. Rispa, mimi sijawahi kukaa mahali bila kumwangalia mtu. Nilitaka nijue kama ninaweza."

"Na ulipokuwa huko? Uliweza?"

"Mji wa kwanza sikuweza. Nililia tu. Wa pili nikaanza. Wa tatu niliweza."

Nilitaka kukupiga. Mgonjwa, dada yangu mkubwa, nilitaka kukupiga kofi. Badala yake nikakutengenezea shuka, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo. Ukafa siku ya mvua nikiwa nimeshuka kukununulia maji. Hata hilo ulilifanya peke yako.

Halafu msiba. Nisikilize, kwa sababu hili hulijui. Mjomba Zakayo alipewa kipaza sauti aseme maneno ya familia. Akasimama na koti lake kubwa, akasema, "Binti yetu alizurura Ulaya peke yake kama mtu asiye na watu, mama yake yuko kwenye kiti. Nyinyi wasichana, jifunzeni." Na watu wakaguna, wengine wakasema amina.

Kezia, hayo ndiyo maneno niliyokwambia mimi wodini. Karibu neno kwa neno. Lakini yalipotoka kinywani mwake sikuyavumilia. Nilisimama. Nikatembea mpaka mbele, nikamnyang'anya kipaza sauti mkononi.

"Mjomba, ni lini mara ya mwisho umemtembelea Mama?"

Akavuta koti lake kifuani.

"Amos, ni lini umemwosha?"

Amos akaangalia viatu vyake.

"Basi nyamazeni. Mimi ndiye niliyeachwa. Mimi ndiye mwenye haki ya kumkasirikia. Nyinyi hamna."

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka haraka. Tangu siku hiyo Mjomba hanisalimii. Sijali.

Sasa nakaa Woodley, kwenye chumba chako, na watoto wamebanana kwenye kile kidogo cha nyuma. Simu zote zilizokuwa zikikutafuta sasa zinanitafuta mimi. Binamu anataka ushauri, kanisa linataka mtu wa kamati, Amos anataka kujua dawa za Mama zimeisha au bado, wakati yuko hapo hapo karibu nazo. "Uliza Rispa." Nimekuwa wewe. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi moja nilifunga duka mchana, nikazima simu, nikatembea kutoka Ngara mpaka katikati ya mji. Polepole, kama ulivyokuwa ukifanya. Ni matusi tupu! Mji huu hautaki mtu atembee polepole. "Mathee, songa!" vijana wanamfokea mama mzima. Mwenye mkokoteni nyuma, kijana anayeuza miwani mbele, watu wananigonga mabega pande zote. Nikaingia hoteli moja ya ghorofani nikaagiza chai, nikajaribu kuinywa tu, bila kufanya kitu kingine. Sikuweza. Mkono ulienda kwenye mkoba kutafuta simu kana kwamba si wangu. Machozi yakaanza. Mhudumu akaja akaniuliza taratibu, "Madam, kuna mtu unangojea?"

"Hapana," nikasema. Na nikashtuka kwamba ni kweli.

Nilipoiwasha simu, Amos akapiga papo hapo, anafoka. "Ulikuwa wapi? Mama alikuwa anataka uji!"

"Ukampikia?"

"Si nimepika! Ningefanya nini?"

"Basi sawa."

Jumapili hii iliyopita, baada ya chakula, nikawaambia. Nimeomba pasipoti. Nitaenda peke yangu, nitakaa, na Amos atahamia hapa mpaka nirudi. Amos akaanza kupiga kelele kwamba nyumba hii imerogwa na Ulaya. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Nilijiandaa alie. Nilijiandaa aseme, hata wewe, Rispa?

Mama alitoa miguu yake kwenye stuli, mmoja mmoja, akaiweka sakafuni. "Amos, nyamaza," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwenzako alingoja mpaka akaugua ndipo akaenda. Wewe enda ukiwa mzima."

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji nikalia kwa sauti, jirani akachungulia.

Kwa hiyo nakuaga, dada. Usidhani nimekusamehe. Ningependa kukwambia hasira imeisha, lakini wewe ndiye uliyenifundisha nisidanganye, ingawa wewe mwenyewe ulidanganya. Nakuahidi nitakwenda, na nikifika huko sitamwangalia mtu, hata wewe. Lala, Kezia. Mama tutamtunza, mimi na Amos, kwa zamu.

Mdogo wako,
Rispa