Mayai Yako Hayakupoa, Mama

Mama yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia wewe na wote uliowakuta huko kwamba yule kuku wako mwekundu amepata vifaranga tisa bila kuatamia hata yai moja. Mhusika hajatoa taarifa. Asubuhi nilimwacha kwenye sukuma wiki za jirani, kama kawaida yake.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoa yai chini ya kuku, unafumba jicho, unaligusisha kwenye ukope? Nilikuuliza unasikiliza nini. Ukasema, "Nasikia kama kuna mtu nyumbani."

Basi, wenzake waliisha wote kwa ugonjwa wa kideri hapa Lanet. Akabaki yeye, na uzee umemtoa hamu ya kuatamia. Mayai yake ndiyo yaliyobaki ya kuku wako wote. Nikayaweka kwenye inkubeta, mashine ya kuangulia niliyojitengenezea, maana kazi yangu unaijua: wewe ndiye uliyewaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanao anafundisha vyuma adabu.

Karibu na siku ya kuangua nikaona kioo cha namba kimefifia, nikafunga kipya chenye chipu yake. Kikaandika joto: nyuzi ishirini. Yai linataka karibu thelathini na nane. Nikafungua kifuniko. Dada Nekesa alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Wafula," akasema, "kuku hana skrini na bado anaangua."

Nikabadilisha waya, nikalaumu stima. Mwisho nikachukua yai moja, nikafumba jicho, nikaligusisha kwenye ukope.

Kulikuwa na mtu nyumbani.

Aliyekosea ni kioo, Mama. Kwenye programu, hali za mashine nimezipa majina: kupasha, kugeuza, kupumzika. Kompaila, ile inayotafsiri maandishi yangu yaeleweke na chipu, hugeuza majina hayo kuwa namba na kuyatafutia nafasi. Ya inkubeta iliona majina ni machache, ikayapa baiti moja, yaani nafasi moja. Ya kioo ikayapa nne, kama wewe ulivyotunza sindano mbili kwenye mkebe mzima wa biskuti. Inkubeta hukitumia kioo hali kwanza, halafu joto na mengine; kwa hiyo kioo kiliruka nafasi nne ndipo kikasoma joto, kumbe pale palikaa hesabu ya siku. Mayai yalikuwa na siku ishirini. Nikaandika wazi, pande zote mbili, kwamba hali ikae kwenye baiti moja tu.

Sasa Nekesa anawaambia watu kwamba niliokoa kuku wa Mama, nami simkatizi. Lakini wewe nikudanganye vipi? Sikuokoa chochote. Joto halikuwahi kupungua, isipokuwa kila nilipofungua kifuniko kutafuta ubaya. Kioo kilipoanza kusema ukweli, kifaranga cha kwanza kilikuwa kishatoka, kimelowa, kinanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nikacheka peke yangu, halafu nikageuka kukuita uje uone.

Pumzika, Mama. Nyumbani kuna watu.

Ni mimi,
kitinda mimba wako