Mazigazi ya Mita Elfu Moja

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi huku tu wazima, mama pia. Je, kile kikohozi kimepungua? Blanketi ulilipata? Najua barua zako husomwa na askari wa gereza kabla hazijakufikia. Hii na waisome, hata kwa sauti wakitaka.

Wiki iliyopita nilikutana na mjane wa Bwana Nukta dukani. Unakumbuka tulivyombatiza marehemu jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kuonyesha, kwa kile kibao cha fimbo ndefu, kila risasi ilipotoboa shabaha. Ukikosa, alikuwa akikipunga kama anayefukuza nzi, nawe unanuna mpaka jioni. Basi mjane alinishika mkono akanipa pole, akasema mimi angalau nilijaribu kumzuia ndugu yangu. Nikamwitikia asante.

Niwie radhi nikurudishe kwenye ile fainali ya kulenga shabaha kwa mita elfu moja. Ilikuwa saa saba mchana, umebakiza risasi moja. Umelala kifudifudi, jicho kwenye darubini ya bunduki, huoni kitu ila shabaha. Mimi nimekaa nyuma yako na darubini kubwa ya miguu mitatu, nasoma mazigazi. Wewe ndiye uliyenifundisha: yale mawimbi ya joto yakiinamia kushoto, upepo unakwenda kushoto, yakikimbia, una nguvu, yakichemka na kupanda wima kama mvuke wa sufuria, hakuna kupiga, maana picha yote inahama na upepo uko mbioni kugeuka. Tulikuwa tukitaniana kwamba mimi ndiye macho, wewe ni kidole tu.

Mchana ule yalichemka. Shabaha ilikuwa ikiyeyuka na kujiunga tena. Nilikwambia subiri, ukasubiri. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna, mwamuzi akatangaza nusu dakika. Kumbe kule mbali ubao wa shabaha ulikuwa umekwama, na redio ya Bwana Nukta imeisha betri. Akapandisha bendera nyekundu ya kusimamisha upigaji, akatoka kwenye handaki lake chini ya shabaha kwenda kuukwamua. Bila upepo, bendera ilining'inia mlingotini kama kitambaa kilicholowa. Mwamuzi hakuiona, macho yake yalikuwa kwenye saa.

Yaliyofuata unayajua. Mahakamani nilisema nilikuambia usubiri, ukafyatua kwa pupa yako. Wewe ulisimama ukasema ulisikia "piga". Wakakuuliza kuhusu viziba masikio ulivyovaa, ukaanza kugugumia. Halafu ikaja barua yako ya tatu, ukiniuliza, "Mdogo wangu, kweli sikusikia? Maana nimeanza kuamini nilijisemea moyoni." Nikakujibu kwamba hukusikia kitu, ni masikio yako tu.

Sasa, kaka, soma taratibu. Ulisikia. Nilisema "piga", mara moja, kwa sauti. Wala si hilo tu. Kabla ya kusema niliona doa jekundu likicheza juu ya tuta la kukinga risasi, na kando yake kitu cheusi kikirefuka na kufupika kama kichwa cha mtu. Ilitosha kusema sioni vizuri. Lakini mimi ndiye mwanamke wa kwanza kukalishwa kwenye darubini ile, na nilikuwa nimechoka kuambiwa ninaogopa. Nikajidanganya kuwa ni joto. Mazigazi hayana wekundu, kaka. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Nilimwambia mama juzi, akiwa anapiga pasi. Hakulia. Aliniuliza una miezi mingapi humo ndani. Nikamjibu kumi na tisa. Akachomoa waya wa pasi, akasema, "Basi nenda kaseme." Hajanisemesha tena.

Jana nilikwenda kwa mpelelezi yule yule wa kesi yako. Alinisainisha kila ukurasa, akaniambia nirudi Jumatatu, nisije na vitu vingi. Kisha nilipita kwa mjane wa Bwana Nukta. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mpaka mwisho, halafu akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Wakili wako atakuja kukueleza hatua zinazofuata.

Usiharakishe kunisamehe kwa sababu tumezaliwa tumbo moja. Nikasirikie kwanza, unayo haki.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Mama atakuja kukuona Jumapili. Najua umekuwa ukijiuliza kwa nini hajakanyaga huko hata siku moja. Usimlaumu. Nilimwambia umekataa kutuona.

Ni mimi, mdogo wako wa kuachiana ziwa.