Baba Kitambaa, Upinde Umetokea Chini Kulia

Umetimia mwaka mmoja leo, Baba, tangu uweke kikombe mezani, useme kifua kinabana kidogo, utoke mlangoni ukidhani saa nane utakuwa umerudi. Tulikusudia kukuandikia maneno ya huzuni kama familia nyingine zinavyofanya. Tumeshindwa. Tuna habari, na wiki sita hizi habari hiyo haijatuacha tukae kitako.

Ila wewe ulikuwa mtu wa kusalimia kwanza na shida baadaye, hata kama nyumba inaungua. Basi tuanze kwa utaratibu, ili na wanaosoma wasiokufahamu wapate kujua tunamzungumzia nani.

Ulikuwa mtu wa kufuta. Ulifuta miwani yako, kisha ukaomba ya jirani ukaifuta nayo. Ulifuta meza kabla ya kula, katikati ya kula na baada ya kula, mpaka dada yako, Shangazi yetu, akawa anashikilia sahani yake kwa mikono miwili asije akanyang'anywa hajamaliza. Mfukoni hukukosa kitambaa cha kijivu kilichokunjwa mara nne, ambacho mkeo alikukatia kutoka mabaki ya kazi yake ya ushonaji. Ofisini wakakuita Kitambaa, jina likakuganda, na sisi watoto tukalichukua tukaliongezea "Baba" ili tusionekane hatuna adabu.

Hata kazi yako ilikuwa ya kufuta. Darubini yenu iko huko juu ikilizunguka jua, na inatazama kwa infraredi, ule mwanga wa joto ambao jicho haliuoni. Ulitueleza kwa pasi. Ukishaizima haitoi mwanga wowote, lakini kiganja kikisogea karibu kinajua bado ina moto. "Sisi ndio kiganja," ulisema. Picha zinazoteremka zinakuja zimejaa ukungu wa joto la chombo chenyewe, na zamani uliandika programu ya kuuondoa. Chochote kilichotanda na kufifia kilifutwa, nyota ikabaki peke yake inang'aa. Programu hiyo nayo wakaiita Kitambaa. Kwa miaka kumi na minne kila picha ya ofisi yenu ilipita mikononi mwake, na ulijivunia usafi wake kama wengine wanavyojivunia watoto.

Nyota ulizozipenda kuliko zote ni zile zinazokufa. Ulisema nyota ikizeeka huvimba, hupukutisha vumbi lake mwaka baada ya mwaka, na mwisho kinabaki kiini tu. Tena haifi ikiwa imekaa. Inakwenda mbio, na anga la katikati ya nyota si tupu kama tunavyodhani. Mna hewa nyembamba mno inayoipiga usoni. Tulipokuwa tunakutazama kama mbuzi walioona gitaa, ukatuita jikoni, ukachukua kijiko, ukakiburuza polepole kwenye beseni la vyombo lililojaa sabuni. Povu likajikusanya mbele ya kijiko kwa umbo la upinde. Nyuma likaacha mkia.

"Mmeona?" ukasema. "Nyota inayokufa inatakiwa iwe hivyo. Mbele upinde, nyuma mkia."

"Kwa hiyo kila asubuhi unatuaga na tai shingoni," Shangazi akasema, "kumbe unakwenda kutazama povu."

"Povu la nyota, dada."

"Sawa, mtaalamu. Sasa malizia na hivyo vyombo."

Ukaviosha vyote. Ulipofika sahani ya mwisho ukaishika hewani, maji yanakuchuruzika kwenye kiwiko. Mkeo alidhani umejikata.

"Mama," ukamwambia, "povu limetanda. Tena limefifia."

"Sasa?"

"Nadhani nimekuwa nikizifuta. Hizo pinde. Miaka yote hii."

Hatujawahi kukuona umekosa raha vile. Kesho yake ulifungua picha ya nyota moja kongwe kama ilivyoteremka, bila kuipitisha kwenye programu, na juu kushoto ukaona utepe hafifu uliopinda. Mkuu wa kitengo chenu, mtu mwema lakini mwenye kichwa kigumu, alisema hilo ni doa la kioo cha darubini, mambo ya kawaida, lifutwe. Mwenzako mliyegawana naye meza, yule tunayemwita Jirani wa Meza, alituhadithia jinsi ulivyosimama kikaoni mbele ya watu ishirini. Ulisema, "Programu niliiandika mimi. Kama kuna kitu kimefutwa, aliyefuta ni mimi, na ninaomba nafasi ya kukirudisha." Wengine walikushauri unyamaze, ulikuwa umebakisha miaka miwili ustaafu kwa heshima zako. Ukawajibu kwamba mficha uchi hazai.

Njia ya kujua ilikuwa moja. Baada ya nusu mwaka darubini huwa imefika upande wa pili wa jua, na inaitazama nyota ileile, yenyewe darubini ikiwa imegeuka juu chini. Doa la kioo hugeuka na kioo, kwa hiyo kwenye picha litaonekana palepale, juu kushoto. Kitu kilichoko angani hakina habari na sisi. Tukigeuka, kitatokea upande wa pili wa picha, chini kulia. Uliomba zamu, lakini foleni ya darubini haina mkubwa wala mdogo, ukapangiwa mwaka uliofuata. Ukaanza kuhesabu miezi. Hukufika.

Siku ya pili hospitalini ulimwomba mkeo kalamu. Nyuma ya kadi ya miadi ukachora mraba, katikati yake kitone, na juu kushoto ya kitone mstari uliopinda. Ulimpa kadi ukamwambia maneno ambayo alituhadithia kila siku kwa mwaka mzima, hata Shangazi akawa anayatamka naye: "Picha ikija, nenda kaione wewe mwenyewe. Usikubali waifute kabla hujaiona. Si kwa ubaya, Mama. Ni mazoea." Siku ya tatu ukatutoka.

Sasa habari yenyewe.

Jirani wa Meza alipiga simu asubuhi, wiki sita zilizopita. Mkeo aliacha gauni la bibi harusi likiwa na mkono mmoja, akachukua kadi yako, akatukusanya. Unajua ofisi yenu ilivyo: ngazi tatu, mashine ya maji inayokoroma, mapazia yasiyofunguliwa. Kwenye meza yako hakuna aliyekaa. Mkuu alitupokea vizuri, akatutafutia viti, akasema atakayeketi karibu na skrini ni Mama.

Picha ikafunguka. Baba, ilikuwa safi. Nyota katikati, weusi pande zote, hakuna kitu chini kulia wala juu kushoto. Mkuu akavua miwani, akasema taratibu, "Pole sana, Mama. Alikuwa na bidii." Binti yako tayari alikuwa ameanza kutafuta leso. Sisi tulijua tumemalizwa, na njiani kurudi nyumbani hakuna atakayemtazama mwenzake.

Mkeo hakusimama. Aliitazama ile picha kama anavyotazama kazi ya mshonaji mwingine.

"Mbona imenyooka hivi?" akauliza. "Mzee alisema zinakuja chafu."

Jirani wa Meza akashika mdomo. Walikuwa wameipitisha kwenye Kitambaa. Hakuna aliyekusudia. Kila picha inapoingia, mashine inaifuta yenyewe kabla mtu hajanywa chai, kwa amri uliyoiweka wewe mwenyewe tangu mwanzo, na wote walisahau kuizima. Ulikuwa karibu ujifute tena, Baba, na safari hii hupo hata ulalamike.

"Naomba ile chafu," mkeo akasema.

Wakaifungua ile chafu. Ukungu mtupu, kijivu juu ya kijivu. Mkuu akainama, hakuona kitu. Mziwanda wako, fundi umeme mwenye macho ya mwewe, hakuona kitu. Lakini mkeo ametumia miaka thelathini kutafuta alama ya chaki iliyofifia kwenye suti nyeusi. Aliinua kidole, akakipitisha kwenye kioo pasipo kukigusa, polepole, kwa mviringo.

"Huu hapa mshono," akasema. "Unaanzia hapa, unapita hivi, unaishia hapa. Nyuma yake kuna upindo mrefu, unakwenda mpaka ukingoni."

Jirani wa Meza akaongeza weusi kidogo, akapunguza mwanga wa nyota. Upinde ukajitokeza. Ulikuwa chini kulia, na mkia wake ukivuka picha nzima kuelekea kona ya juu. Mkeo akatoa kadi ya miadi, akaigeuza juu chini, akaiweka kando ya skrini. Mstari wako na ule wa nyota ilikuwa kitu kimoja.

Tungependa kusema tulitulia kama watu wazima. Mziwanda wako alimbeba Jirani wa Meza juujuu. Shangazi, ambaye hajawahi kuelewa neno infraredi na hana mpango, alilia kwa sauti, akawa anawaambia watu wa ofisi nyingine waliochungulia, "Povu la kaka yangu limepatikana." Mkuu alikaa kwenye kiti chako kwa mara ya kwanza, akasema, "Nilimwambia lifutwe." Mkeo akamjibu kwamba kuteleza si kuanguka, hata mwenyewe aliteleza miaka kumi na minne.

Na bado, Baba. Wameamua kufungua upya picha zote za zamani kama zilivyoteremka. Hadi tunaandika haya wamepata nyota nyingine tatu zenye pinde, zote zilikuwa zimelala kwenye kabati mkizipita kila siku. Ya nne wanabishana. Jirani wa Meza anapiga simu karibu kila jioni, na mkeo huitwa kwenda kutazama zile ngumu. Ameshawaambia watengeneze viti vyao, vinaumiza mgongo. Tungetoa chochote uione hata moja.

Tunaokukumbuka ni mkeo, ambaye gauni la bibi harusi alilimalizia kwa wakati, binti yako mfamasia, mziwanda wako fundi umeme, Shangazi, wajukuu wako wawili wanaoharibu sabuni ya vyombo kwa kijiko, na Jirani wa Meza, aliyeomba aandikwe humu kama ndugu, na ni ndugu.

Jambo moja la mwisho. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yako, uliondoka bila kufuta. Kikombe chako kiliacha alama ya chai mezani, duara ambalo halikufunga. Shangazi alitaka kuipangusa siku ya mazishi, wageni wasije wakaona. Mkeo akamshika mkono akasema, "Hiyo iache, wifi." Ipo mpaka leo. Meza tunaifuta kila siku, Baba, kabla ya kula na baada ya kula, kama ulivyotulea. Pale tunapazunguka, na ndivyo tutakavyokukumbuka siku zetu zote.